Folda Iliyoitwa Marehemu

Jumatatu, tarehe tisa Februari, kabla ya saa sita mchana, nilipoteza picha na wasifu wa watu wote niliowachapia kwa ajili ya mazishi katika muda wa miezi kumi na mitatu. Mmoja wao alikuwa mume wangu, Filipo. Mwingine alikuwa mama yake Anjelina, mteja wangu, ambaye picha yake haikuwepo mahali pengine popote.

Watu wa hapa Kibondo, kwa kunionea huruma, husema kirusi cha kompyuta ndicho kilichofuta. Ninyi mnaoanza kazi hii ya kuchapa nawaomba msiseme hivyo. Nitawaeleza ilivyokuwa, nanyi mtajua aliyefuta ni nani.

Nilifanya kazi kwenye steshenari moja karibu na soko, tangu siku za mashine ya kuchapa ya chuma mpaka za kompyuta. Shule niliishia darasa la saba. Kuchapa nilifundishwa na mwenye duka, Mama Jeredina, aliyekaa nyuma yangu na rula mkononi. Hakunipiga nayo. Aliilaza juu ya vidole vyangu ili nisione herufi.

"Macho kwa mteja," alikuwa akisema. "Herufi hazikimbii. Mteja akianza kulia na wewe unatafuta M, utamwona saa ngapi?"

Alisema hivyo kwa sababu wateja wetu wengi walikuwa wafiwa. Barua, fomu na mitihani ya shule tulichapa pia, lakini watu walitujua kwa misiba. Ndugu walikuja na kipicha, mara cha kitambulisho, mara cha harusi ya mtu mwingine ambamo marehemu anaonekana kwa nyuma anakula. Tulikipiga skana, tukakikuza, tukakisafisha, tukachapa picha kubwa ya kubebwa mbele ya jeneza na nyingine ya kubandikwa msalabani. Kisha tulichapa wasifu: alizaliwa wapi, alivuka mpaka lini, alilima wapi, ameacha nani. Kwa familia zilizotoka Burundi zamani, mara nyingi hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza maisha ya mtu huyo kuandikwa yote mahali pamoja.

Mama Jeredina alinipa sheria moja ambayo nawapa ninyi: usichape wasifu kabla ya kumsomea mfiwa kwa sauti. Siku moja nilisoma, "Ameacha mke mmoja," na kwenye benchi wanawake wawili wakakohoa kwa pamoja. Tungeenda kuzikana wenyewe kule makaburini.

Kila tulichochapa kilibaki ndani ya kompyuta, kwenye folda niliyoiita MAREHEMU. Sikupanga kuwa mtunza picha za wafu. Ilitokea tu. Picha za msalabani zilikwisha kwa mvua na mchwa, na mwaka ukitimia watu walirudi. Kwetu msiba hauishi siku ya kuzika. Baada ya mwaka hivi ndugu hukusanyika tena kuuondoa, ndiyo tunaita kuganduka, na siku hiyo wanataka sura ya mtu wao iwepo. Walikuja wakiwa na uhakika. "Mama Eliya, si unaye?" Walisema hivyo, unaye, kama vile marehemu amelala chumba cha nyuma. Nami nilikuwa naye.

Jofrey, fundi simu wa mlango wa pili, hakuipenda ile folda.

"Badilisha jina, mama. Andika hata Wageni. Unalala vipi na kitu kinaitwa Marehemu?"

"Silali hapa, Jofrey."

"Basi inalala peke yake. Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Tulicheka. Wakati huo nilikuwa bado naweza kuicheka ile mashine.

Hofu ilianza asubuhi moja nilipoiwasha, na badala ya picha ya maua ukatokea ukurasa wa buluu umejaa maandishi. Nilimpigia simu mwanangu Eliya, aliyeko Dar es Salaam, nikamsomea herufi moja moja.

"Wanasema Windows 7 hawailindi tena, mama."

"Nani?"

"Wenyewe walioitengeneza."

"Tumewakosea nini?"

"Hamjawakosea. Imezeeka. Kuanzia sasa mwizi akipata tundu jipya, hakuna mtu wa kuja kuliziba."

Baada ya kukata simu nilikaa nikiitazama. Feni yake ilikuwa ikiunguruma kama siku zote. Hakuna kilichobadilika, na hilo ndilo lililoniogopesha. Nyumba ikivunjwa mlango utauona mlango. Hii ilikuwa imefunguliwa na bado inaonekana imefungwa.

Mtaniuliza kwa nini hatukuweka Windows mpya. Jofrey alijaribu. Ilichukua muda mrefu kuwaka hata mteja mmoja akaandika wasifu kwa kalamu, akaondoka. Tena skana yetu, ile iliyoweza kusoma picha iliyofifia kuliko nyingine yoyote mjini, ilikataa kabisa kuongea na hiyo Windows mpya. Tukarudisha ya zamani. Ikabidi nitafute antivairasi ya kumlinda mzee aliyeachwa na watoto wake.

Hapo nilifanya makosa ambayo nawaandikia ili ninyi mtafute mengine ya kwenu.

La kwanza, niliweka antivairasi mbili. Niliona ni busara: mlinzi mmoja akisinzia, mwingine yuko macho. Kompyuta ikaganda. Nikibonyeza herufi leo, inatokea keshokutwa. Kumbe kila mmoja alikuwa akimwona mwenzake ndiye mwizi, wanakamatana humo ndani tangu asubuhi hadi jioni, na mlango uko wazi. Mlinzi ni mmoja. Ukitaka wa pili, mwondoe kwanza wa kwanza.

La pili lilitokana na woga wenyewe. Kilitokea kidirisha chekundu kikisema kompyuta yangu imejaa virusi, nibonyeze hapa haraka. Nilibonyeza. Wanangu, mtu anayekuogopesha na papo hapo anakuuzia dawa, ndiye ugonjwa. Kwa siku tatu kila nilipofungua ukurasa vilitokea vitu vya kubeti na wanawake wasiovaa vya kutosha. Katekista alikuja kuchapa ratiba ya Kwaresima. Wakajitokeza wawili. Katekista akatazama dari, mimi nikatazama sakafu, na ratiba ikachapwa bila mtu kuiangalia. Ijumaa Kuu ilitoka mara mbili.

Mwishowe mtu mmoja akaniambia niende Makere siku ya soko, nimtafute fundi Mkongomani anayeitwa Safari. Alikuwa akiishi kambini Nyarugusu, na siku za soko alipata kibali cha kutoka. Nilimkuta na meza ndogo, bisibisi zimepangwa kwa urefu kama watoto wa shule mstarini. Nilimweleza habari zote. Hakucheka.

"Bon," alisema. "Mama, iyi ordinatere yako haiko mugonjwa. Iko muzee. Uzee hauko na dawa yake. Unamukinga baridi tu."

"Antivairasi je?"

"Iko moya ingali inakubali hii Windows. Nitakupa. Lakini usiamini mingi. Siku moya nayo itaacha, na haitakuaga."

Akanipa masharti. Kompyuta isiguse intaneti tena kabisa. Dawa mpya ya antivairasi niipakue kwa simu kila wiki, niihamishe kwa waya. Na flashi ya mteja isiingie kwenye kompyuta hata siku moja. Alinionyesha kiwaya kifupi cha kuunganisha flashi na simu.

"Virusi ya Windows kwa simu iko kama samaki pa barabara," alisema. "Fungua flashi kwa simu, kamata picha peke yake, hamisha. Flashi inabakia inje."

La mwisho, alitoa kadi ya memori iliyoingia ndani ya ganda lenye kitufe kidogo pembeni. Ukikisukuma upande mmoja, kadi inaandikika. Ukikisukuma upande wa pili, inasomeka tu, kompyuta haiwezi kuibadilisha.

"Kila Ijumaa unaandika watu yako humu. Unafunga. Unaweka fasi ingine. Mulinzi anaweza kulala, mama. Kopi hailalake."

Nilifanya hivyo kila Ijumaa. Saa kumi nilifungua folda, nikashuka hadi mwisho ambako marehemu wapya walikuwa, nikawanakili kwenye kadi, nikafunga kitufe, nikaitia kwenye kopo la majani ya chai nyumbani. Filipo alizoea. Akiniona naingia aliuliza, "Wamelala?" Nami nikajibu, "Wamelala." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya Ijumaa.

Filipo alifariki Januari ya mwaka jana. Wasifu wake niliuandika mwenyewe na nikajisomea kwa sauti, kwa kuwa sheria ni sheria. Picha yake niliisafisha mwenyewe pia. Niliondoa kivuli cha kofia kilichokuwa kwenye jicho la kushoto.

Ijumaa iliyofuata nilifungua folda na kushuka hadi mwisho. Pale mwisho alikuwa yeye. Ile kompyuta inaonyesha vipicha vidogo, na kila kipicha ni uso. Nikaifunga. Nikajiambia nitanakili wiki ijayo. Wiki ijayo nikasema hivyo hivyo. Sikuwa nimesahau. Kila Ijumaa saa kumi nilijua ni saa kumi. Nilikunja kitambaa cha kufunikia printa, nikaenda nyumbani, na hakuna aliyeniuliza kama wamelala.

Hivyo kadi ikabaki na marehemu wote mpaka wiki ile kabla ya Filipo. Waliokufa baadaye walikuwa kwenye kompyuta peke yake.

Mama yake Anjelina alifariki mwezi mmoja baada ya Filipo. Alikuwa mkulima wa Heru Juu, ng'ambo ya Kasulu, aliyetoka Burundi zamani, akaja Kibondo kumwuguza mjukuu, akafia huku. Anjelina ndiye aliyekuja dukani kabla hawajamsafirisha. Alileta kadi ya zamani ya ukimbizi ya mama yake, ya kurudishwa ofisini. "Hajawahi kupigwa picha nyingine," aliniambia. "Alikuwa anakimbia kamera kama kuku." Niliipiga skana ile kadi. Kadi ikarudi ofisini. Picha ya msalabani masika yaliimaliza, na aliyokuwa ameibeba Anjelina ilizikwa pamoja na mama kwa sababu dada mkubwa wa Anjelina alitaka hivyo.

Mwaka huu, Ijumaa ya kwanza ya Februari, alinipigia simu. Kuganduka kutafanyika Jumamosi ya tarehe kumi na nne, pale Heru Juu. Mama yake mkubwa, dada wa marehemu, anakuja kutoka Kasanda. Huyo hakuwahi kuzika, alikuwa mgonjwa. "Anataka amwone mdogo wake," Anjelina alisema. "Nakuja Alhamisi kuchukua picha. Si unaye, mama?"

"Ninaye," nilisema.

Jumatatu ile, saa tatu na nusu, alikuja baba mmoja nisiyemjua. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu hadi juu ya kamba. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Mwakeye, mama," alinisalimu.

"Karibu, baba."

"Ni mtoto," alisema. Akatoa flashi kwenye mfuko wa shati. "Gari linasubiri pale."

Kwetu mwenye msiba hasimamishwi mlangoni. Humwulizi, humwambii ngoja, hushiki kitu chake kwa ncha za vidole kama kichafu. Kiwaya cha simu kilikuwa kwenye droo. Simu yangu ilikuwa kwa Jofrey inachajiwa, maana soketi yetu moja ilikuwa imeungua. Ingekuwa hatua kumi na tano kwenda, kumi na tano kurudi. Yule baba alikuwa anatazama mikono yangu.

Niliingiza flashi kwenye kompyuta.

Picha ilifunguka vizuri. Mtoto wa kike, amevaa sare ya shule. Nikaichapa, nikampa, nikamwambia pole, akaenda. Sijui alizika saa ngapi. Sina neno naye hata moja, na ninyi msiwe nalo.

Niliporudi kwenye kiti, niliona folda zimebadilika. Kila moja ilikuwa na kimshale kidogo kwenye kona. Nikabonyeza MAREHEMU. Haikufunguka. Nikabonyeza tena. Kidirisha kikatokea kikasema hakipati kitu hicho. Nikatazama ukubwa wake: kilobaiti moja. Folda ambayo nilijua ina maelfu na maelfu, kilobaiti moja. Nikatazama ya pili. Kilobaiti moja. Zote zilikuwa kilobaiti moja. Barua tupu inazidi hapo.

Mikono ilipoa. Nakumbuka nilisikia muuza nyanya nje akibishana na mtu, na nilitamani anyamaze ili nifikiri, na hata aliponyamaza sikufikiri. Antivairasi ilikuwa imekaa pale pembeni na alama yake ya kijani, kimya. Sikuwa nimeipa dawa mpya tangu Krismasi.

Nikakimbia kwa Jofrey nikachukua simu, nikampigia Safari. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Jofrey alikuja akainama mbele ya kompyuta, akasonya.

"Shotikati hizi, mama. Zimekula kila kitu. Unaona? Kilobaiti moja. Hamna mtu humo."

"Hamna?"

"Hamna. Na ukiziacha zitahamia kwenye printa, zitakula na kadi yako ile ya nyumbani ukiiweka. Piga fomati diski yote, ifute, uanze upya. Wengine si unao kwenye kadi?"

Jofrey alisema alichokijua. Yeye ni fundi wa simu. Mimi ndiye niliyekuwa na umri wa kujua kwamba mtu akiwa anatetemeka hatakiwi kubonyeza chochote. Kompyuta iliniuliza mara mbili kama nina hakika. Mara mbili nilisema ndiyo. Kisha nikaenda nyumbani, nikatoa kadi kwenye kopo, nikarudi, nikawamimina marehemu wa zamani wote pale pale juu ya diski iliyofutwa. Nilipoona nyuso zinarudi nililia kwa nafuu. Zilifika hadi Januari ya mwaka jana zikasimama.

Saa tisa Safari alipiga.

"Mama, niliona umenipigia. Niko pa foleni ya unga, simu ilizima. Iko nini?"

Nikamweleza vimshale, kilobaiti moja.

"Aa, ile najua," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetulia. "Usiogope, mama. Zile hazipoteake. Ile virusi inafichaka folda, inaweka njia ya bongo, ya uongo, pa mbele. Watu wote wako ndani, wamejificha tu. Usiguze kitu. Naandika mstari moya tu, wanatoka wote."

Nikazitazama zile nyuso zilizorudi.

"Mama? Haujaguza kitu?"

"Nimefomati."

Nilisikia watu wa foleni nyuma yake.

"Na baada?"

"Nimerudisha wa kwenye kadi. Juu yake."

Akasema nizime, nisiiwashe hata kidogo, nimletee Makere siku ya soko, Jumatano.

Basi ndiyo hivyo. Kirusi kiliwaficha. Niliyewafuta ni mimi, kwa hofu, kwa jibu la ndiyo mara mbili. Tena yale ya kurudisha wa zamani juu ya wapya ndiyo yaliyowamaliza. Diski iliyofutwa ni kama shamba ambalo mbegu bado ziko ardhini. Ukilima upya, umezing'oa. Mkipatwa na hili, zimeni mashine, kaeni juu ya mikono yenu, ngojeni anayejua.

Jumatano nilipanda basi na lile boksi la kompyuta nimelifunga kwa kitenge, nimelipakata. Mama mmoja wa kiti cha pili aliinama kutazama, akauliza mgonjwa ana umri gani. Nilimwambia ni mzee. Akasema Mungu amsaidie.

Safari alifungua ile diski kwenye mashine yake na kuweka programu ya kuokota mabaki. Ikapita polepole. Vilitokea vipande: nusu ya barua, sikio, bega lenye suti. Majina yote yalikuwa yamepotea, kila kitu namba tupu. Nilikaa kwenye kibao pembeni yake tangu saa nne. Alikula muhogo wake kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye kipanya.

Saa nane ikatokea picha ya mwanamke mwenye kitambaa cha mistari kichwani. Kitambaa, paji la uso, nyusi, macho, na mwanzo wa pua. Kuanzia hapo kwenda chini ilikuwa rangi ya kijivu tupu, kama mtu aliyezamishwa kwenye saruji.

"Ni huyu," nilisema.

"Chini yake haiko. Pale umeandika mutu mwingine juu yake." Aliihamishia kwenye simu yangu. Kisha akanitazama. "Kuko mwingine unatafuta, mama?"

"Mume wangu."

Akaanzisha programu upya, na safari hii alitazama kila kipande mwenyewe, akinigeuzia kioo kila palipokuwa na uso wa mwanaume. Tulifika mwisho saa kumi na moja, wenye maduka wakifunga maturubai yao. Filipo hakuwemo.

Alhamisi Anjelina alikuja kama alivyosema. Usiku ule nilikuwa nimepanga maneno, lakini alipokaa kwenye benchi yote yaliondoka. Nikamweleza moja kwa moja: flashi, fomati, ndiyo mara mbili. Nikamwambia pia habari za Ijumaa na kwa nini kadi haikuwa na mama yake. Ninawaambia ukweli, nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo.

"Kwa hiyo baba yetu Filipo naye?" aliuliza.

"Naye."

Alikaa muda mrefu akisugua kidole gumba kwenye mkanda wa mkoba.

"Nionyeshe hicho kilichobaki."

Nikamwonyesha kwenye kompyuta. Nilimwona anatafuta mdomo wa mama yake pale kwenye kijivu.

"Chapa," alisema.

"Yote, na hiyo kijivu?"

"Chapa tu, mama."

Printa ilichapa. Kile kijivu kililowesha karatasi kikaikunja. Anjelina akaomba mkasi. Alikata pale pua ilipoishia, taratibu, akifuata mstari, mpaka akabaki na ukanda wenye kitambaa na macho. Akauweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo. "Mama mkubwa utamweleza wewe," alisema. "Mimi siwezi. Njoo Jumamosi."

Nilikwenda. Heru Juu walikuwa wamepika, wameketi kwa ukoo. Ule ukanda walikuwa wameubandika kwenye ubao, ukutani. Nilimtafuta mama mkubwa, mwanamke mfupi wa fimbo, nikapiga magoti mbele yake nikamweleza kwa Kiha, maana Kiswahili chake ni kidogo. Nilisema nilikuwa na mdogo wako mzima nikampoteza, hiki ndicho kilichobaki.

Alisimama akaenda mpaka ukutani. Aliusogelea ukanda mpaka pua yake ikakaribia kugusa ukuta, akakaa hapo. Kisha akainua kiganja, akakiweka chini ya macho yale, mahali pa mdomo, akakiacha hapo kidogo.

"Hivi ndivyo alivyokuwa akicheka," alisema. "Anaziba mdomo. Alikuwa na pengo."

Anjelina aliangua kilio na kicheko pamoja. Wengine wakaanza kusimulia juu ya lile pengo, jinsi alivyolipata kwa kung'ata muwa, na msiba ukaondolewa kwa hayo.

Mimi sikucheka nao. Bado naogopa. Niliacha kazi mwisho wa mwezi ule, na bado nikisikia feni ya kompyuta mahali mikono yangu inapoa.

Jumatatu, tarehe kumi na sita, nilifika dukani mapema. Nilifungua folda ya MAREHEMU, nikashuka mpaka mwisho. Mwisho kulikuwa na uso mmoja, nusu, wa mama yake Anjelina. Niliingiza kadi, nikamnakili. Kisha niliitoa, nikasukuma kitufe cha pembeni mpaka kikagonga, nikaipeleka nyumbani, nikaitia kwenye kopo.